Saa Tisa Obita Anaongea

Ukitaka kumjua Alanyo, usiulize nyumba yake iko wapi. Uliza kibanda cha video cha Nasur, kile kilichoegemea ukuta wa kambi ya askari kwenye njia ya kuteremkia Kabalagala, halafu ufike saa tisa mchana. Wakati huo wanaume wako kazini au wamelala, mpira bado haujaanza, na kibanda ni cha wanawake. Utakuta viatu vimepangwa mlangoni kama msikitini, ingawa hakuna aliyemwambia mtu avue. Ndani ni giza la mablanketi yaliyotundikwa madirishani. Televisheni imefungwa ukutani kwa vyuma ili isitembee na wezi, na pembeni yake, juu ya stuli ya baa iliyokatwa miguu, amekaa mwanamke mwembamba mwenye kipaza sauti mkononi, amewapa watu mgongo.

Huyo ndiye Alanyo, na kazi yake ni kuongea juu ya filamu. Mjini mtu wa kazi hiyo wanamwita vijei. Filamu inakuja na lugha ya kwao, yeye anaishusha sauti mpaka inakuwa kama mbu, kisha anasema ya kwake. Vijei wa mjini wanasema Kiganda. Lakini ukuta wetu huu umekusanya Walango, Waacholi, Walugbara, Wateso, sisi Wanubi, na Wakongo wanaouza vitenge. Ukileta Kiganda hapa, nusu wanasinzia na nusu wanakasirika. Kiswahili ndicho cha kambi. Kimevunjika miguu, lakini kinatembea.

Mimi nakaanga mandazi mlangoni pa kibanda hicho, kwa hiyo haya sikuletewa na mtu.

Alanyo alizaliwa upande wa Lira, akaja Kampala akiwa bibi arusi wa Obita, dereva wa malori ya jeshi. Kwa miaka mingi alifanya usafi kwenye nyumba ya wazungu fulani kule Nakasero, na huko ndiko alikojifunzia kazi aliyo nayo leo, ingawa hakujua kama anajifunza. Mama mwenye nyumba alipenda tamthilia za Kituruki zenye maandishi ya Kiingereza chini, na hakupenda kulia peke yake. Basi Alanyo anapiga pasi, anasoma. Anapiga pasi, anasoma. Mashati ya mzungu yaliyoungua ni mengi kuliko aliyokiri.

Obita alikuwa mcheshi wa kukera. Kila asubuhi alisimama mbele ya karai langu, akainua andazi moja, akalinusa, akasema, "Mama Sulaimani, haya umekaanga leo au yalibaki kwenye arusi ya bibi yako?" Kila siku maneno yale yale. Kila siku nilimtukana, na kila siku alinunua. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya puani kidogo, na mwisho wa sentensi ilikimbia kama mtu anayewahi kabla mlango haujafungwa. Ndugu yake Ogwal, aliyebaki kijijini kulima, alikuwa na sauti hiyo hiyo. Sisemi zilifanana. Ilikuwa moja, wamegawana. Mama yao mwenyewe akipigiwa simu aliuliza kwanza, "Wewe ni yupi?" Siku moja Alanyo alimgombeza Ogwal kwenye simu mpaka pumzi ikamwishia, kwa nini hakurudi kula, na Ogwal wa watu akaomba msamaha kwa heshima zote kwa chakula asichokijua. Kambi nzima tulicheka.

Kisha Obita akapelekwa Somalia. Waliokwenda naye wengine walirudi kwa miguu yao, wengine wakarudi kwenye masanduku. Yeye hakurudi hivi wala vile. Lori lilikutwa limeungua, dereva hakukutwa. Wakaja maafande wawili nyumbani, wakavua kofia, wakasema hajulikani alipo.

Maneno hayo ni mabaya kuliko kifo. Kifo unaambiwa, unalia, unapika, unalisha watu, wanakwenda zao. Sasa "hajulikani alipo" utaipikia nini?

Haukupita muda Ogwal akaja kuona hali. Alibisha mlangoni akasema, "Shemeji, ni mimi." Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea Alanyo uji. Aliruka kutoka kitandani na kufungua mlango kwa uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, akamkuta shemeji yake amesimama na begi la simsim. Akaanguka pale pale. Alipozinduka alimwambia kwa kunong'ona, "Usiniongeleshe tena. Ukiwa na neno, liandike kwenye simu."

Ogwal ni mtu mpole, alitii. Miaka yote tangu hapo alikuwa akituma ujumbe wa maandishi, na akileta chakula cha kijijini ananiachia mimi mlangoni, anaonyesha kwa kidole nyumba ya Alanyo, anaondoka. Watu wageni hapa walidhani ni bubu. Wengine walimwonea huruma wakampa chai.

Wazungu wa Nakasero walirudi kwao. Wakati huo huo vijei wa Nasur alikimbilia mabaa ya Kabalagala kwenye watu wanaolipa vizuri. Nasur ni koplo mstaafu mwenye tumbo la jenerali, na hana haya: alimkuta Alanyo anafua, akamwuliza kama kweli anajua kusoma yale maandishi ya chini kabla hayajapotea. Kesho yake saa tisa Alanyo alikuwa juu ya stuli.

Tamthilia aliyoanza nayo ilihusu kijiji cha wachimba mawe. Mlima unaporomoka juu ya wanaume, na kuanzia hapo kila nyumba inapasuka kwa namna yake: mkubwa anakimbilia mjini, mdogo anachukuliwa na bibi, mjane anaposwa na tajiri wa malori. Filamu zote za saa tisa ziko hivyo. Mtu amekufa, mtu amepotea, watoto wamegawanywa kama mirathi. Nilimwambia Nasur alete za kuchekesha. Akasema alileta mara moja, wanawake wakatoka wananung'unika kwamba wamepoteza mchana bila kulia.

Katika tamthilia hiyo kulikuwa na baba mmoja mwenye masharubu mazito. Alikufa mapema kabisa, chini ya jiwe. Neno la Kiingereza la kifo hata mimi nalijua, liko kwenye chupa ya sumu ya panya. Likapita chini ya televisheni waziwazi. Alanyo akalitazama likipita, akasema kwenye kipaza sauti, "Amezimia."

Basi, hakufa tena. Wenye filamu walimrudisha mara kwa mara kwenye kumbukumbu, mkewe akikumbuka siku za arusi, watoto wakikumbuka mtoni. Kila akitokea, Alanyo alitangaza kwamba ametoroka hospitali, amekuja kwa siri kuwaona wanawe. Mkewe alipokubali kuolewa na tajiri, wanawake kibandani wakapandwa na hasira. Anaolewaje na mume yuko hai, jana tu wamekunywa chai pamoja? Alanyo akasema kwenye spika, bila kugeuka, "Kuna wanawake na wanawake." Wakapiga makofi.

Nilikuwa nacheka na wenzangu mpaka siku ya kifungua kinywa. Yule baba alikuwa amekaa na mkewe mezani. Akachukua mkate, akaunusa, mdomo ukacheza chini ya masharubu. Na kwenye spika nikasikia, "Haya umekaanga leo au yalibaki kwenye arusi ya bibi yako?" Ya puani. Inakimbia mwishoni.

Mwiko uliniponyoka ukazama kwenye mafuta. Ndani, waliomjua Obita walicheka, kisha kicheko kikakatika, mmoja mmoja, kama taa za nyumba zinapozimwa.

Baadaye nilimwuliza kwa nini amefanya vile. Akasema hajui. Mdomo wa yule mtu ulifunguka na maneno yalikuwa tayari. "Mimi ninampisha tu," alisema.

Tangu siku hiyo kila mwanamume mwenye masharubu, kila baba, kila aliyepotea katika filamu yoyote, aliongea kwa sauti ya Obita. Na watu walijua. Wengine walianza kuisalimu spika wakiingia. Benchi la chini yake lilibaki tupu, hakuna aliyetaka kukaa karibu hivyo. Umeme ukikatika katikati ya sentensi yake, hakuna aliyeinuka. Tulikaa gizani tukimsubiri amalize.

Ayaa ndiye aliyeanza kuomba. Ayaa ni jirani yangu, mjane wa Odyek, askari wa barabarani aliyegongwa na gari akiwa kazini. Alimwendea Alanyo na sahani ya mboga ya malakwang iliyofunikwa, akamsihi, yule daktari kwenye tamthilia apewe sauti ya Odyek. Si nyingi, kidogo tu. Alanyo alimkumbuka Odyek vizuri, alikuwa mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Kesho yake daktari alikohoa. Ayaa alishika kifua kwa mikono miwili.

Akaanza kusuka nywele kabla ya saa tisa. Kulikuwa na fundi wa ujenzi kutoka Lubaga, mtu wa adabu, mfiwa kama yeye, aliyekuwa akimtembelea. Ayaa akamwambia asije tena, mume wake hapendi. Nilimfuata kwake nikamwambia usoni kwamba mume wake yuko kaburini na mimi mwenyewe nilitupa udongo. Akanitazama kwa huruma, mimi, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Na saa tisa?" akaniuliza.

Wallahi mimi ndiye nilikuwa napunguza moto wa karai ili nisikie vizuri.

Hapo ndipo ujumbe wa Ogwal ulipoingia. Alanyo alinisomea akiwa amechuchumaa karibu na karai. Mama yao alikuwa kitandani, hali mbaya, na anataka Obita azikwe kabla yake. Wakate yago.

Yago ni lile tunda refu, zito, linaloning'inia kwenye mti kama mguu wa mtoto. Kwao, mtu akipotea asipatikane, huzika tunda hilo mahali pake. Hulivisha nguo aliyoivaa mwenyewe, hulilaza, hulilia, na matanga yanakuwa matanga kamili. Lakini nguo lazima iletwe na mke, na mke lazima asimame aite jina, ili aliye huko mbali asikie, aje aingie. Mke asipoita, wamezika tunda. Na mama mkwe alisema hataki kulala ardhini huku mahali pa mwanawe pembeni yake pamebaki wazi.

"Wanataka nimzike mtu aliyeongea leo saa tisa," akasema Alanyo.

"Aliyeongea ni wewe."

"Na mwiko uliuangusha kwa sababu yangu?"

Nikamwambia mama mzee anaondoka, asimfanyie hivyo, na kule kusema hapana kuna siku kutamrudia. Akajibu kwamba mtu ukishamwita aingie kwenye tunda, hatoki tena, hata kwenye spika. Hilo ndilo lilikuwa likimtisha, na nilikuwa sijalifikiria. Akafuta ujumbe, akaenda kazini.

Ujumbe mwingine ulikuja, akaufuta. Mwingine tena, akaufuta. Kisha Ogwal akaja mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mvua. Alinisalimu kwa mkono kama kawaida yake, hana begi safari hii, amelowa mpaka viatu. Nikamwonyesha aingie ajikinge. Akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, hata Alanyo hakujua. Tamthilia ilikuwa imefika mahali yule mwenye masharubu anatokea kwenye kumbukumbu ya mama yake, bibi kizee wa kitambaa cheusi, wamekaa kizingitini wanachambua maharagwe. Akafungua mdomo, na Obita akaongea: "Mama, mimi siko huko unakofikiri. Usinitafutie mahali."

Ogwal akasimama. Alikuwa amenyamaza miaka, na nadhani hata yeye hakujua kama atasema.

"Shemeji," akasema, "mama anakufa."

Ayaa aligeuka kwa hasira. "Nyamaza wewe mgeni. Obita anaongea."

Wengine wakamzomea. Na Alanyo, bila kugeuza shingo, kwenye kipaza sauti akasema, "Nasur, mtoe nje huyo mtu. Anatuharibia."

Mimi nilikuwa mlangoni. Mwanzo nami sikushtuka, niliona ni mtu amepiga kelele sinemani. Kisha masikio yangu yakachelewa kuniletea habari, kama simu ya kijijini, na nilipoipata nikauacha unga. Ile sauti. Nyembamba, ya puani, inawahi mlango. Ilikuwa imesimama mle ndani nzima nzima, na watu waliokuwa wakiisalimu spika kila siku wameiambia inyamaze.

Niliingia na mikono ya unga, nikavuta blanketi la dirisha. Mwanga ukaingia. "Alanyo," nikamwambia, "geuka."

Akageuka. Ogwal alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, amekumbuka katazo.

"Sema," Alanyo akamwambia.

"Ulinikataza."

"Sema kama ulivyosema."

"Shemeji, mama anakufa. Anataka kuona mahali pa Obita."

Alanyo alifumba macho, akainamisha sikio kama mtu anayesikiliza kama sufuria imeanza kuchemka. Nasur akazima televisheni. Mvua ikabaki peke yake juu ya bati.

"Sema, haya umekaanga leo."

Ogwal hakuelewa. Alinitazama mimi, akatazama mandazi, akasema kama alivyoambiwa, na nilipomsikia nilikaa chini kwenye benchi tupu la chini ya spika, kwa sababu asubuhi zote zile zilinirudia kwa mkupuo mmoja. Ndipo nilipojua sauti ya kibandani ilikuwa imekwenda mbali na ya Obita kiasi gani. Ilikuwa nzito, ya polepole, ya mtu mwenye masharubu. Ilinenepa humo ndani siku baada ya siku na sisi ndio tulikuwa tukiilisha.

Alanyo akafumbua macho.

"Siijui hii sauti," akasema. "Mama Sulaimani, siijui."

Hakulia. Alienda nyumbani, akarudi na shati la Obita la kijivu, lile la kwendea kanisani.

Nilikwenda nao. Mtu lazima angekwenda, na Ayaa hakutaka hata kutuaga. Ndani ya basi Alanyo alimwambia Ogwal aongee na asinyamaze. Ogwal akauliza aongee nini. Chochote. Basi yule mtu aliyekaa miaka kama bubu akaanza: mahindi, mchwa, mbuzi wa jirani aliyekula sabuni, daraja lililochukuliwa na maji. Alitoka nayo Kampala akafika nayo Lira. Abiria wakalalamika, kondakta akamwomba apumzike, na kila alipopunguza Alanyo alimgusa mkono. Alikuwa amegeukia dirishani, midomo inamfuata kidogo kidogo, kama mtoto anayefundishwa dua.

Huko kijijini yago lilikuwa limeshakatwa, limelazwa kwenye mkeka kivulini. Shati lilikataa kufungika kifuani. Mama mkwe alitolewa nje na godoro lake, amebaki macho tu. Wakamwambia Alanyo aite.

Alisimama, akafungua mdomo, na ikatoka ile sauti ya kibandani. Nzito. "Obita." Alikata hapo hapo, akakohoa, akashika koo kana kwamba anamfukuza mtu humo. Wazee wakatazamana. Kisha akaita tena kwa sauti yake mwenyewe, kali, iliyochoka, ya mwanamke aliyesimama mlangoni jioni. Kilango, lugha yao, sikijui, lakini baadaye Ogwal alinieleza kwamba baada ya jina aliongeza kitu ambacho hakimo katika mila yao. Alisema, "Chakula kinapoa."

Watu wote walitega masikio. Ogwal alikuwa ameziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, ameubana mpaka macho yametoka machozi, kwa kuogopa asije akajibu.

Wakamzika. Mama mzee alimfuata kabla mahindi hayajavunwa, na analala karibu naye.

Tuliporudi Kampala, Alanyo alipumzika kidogo, kisha saa tisa akapanda kwenye stuli yake. Kibanda kilijaa. Ayaa alikuwa mbele, amesuka upya. Tamthilia ikaendelea ilipoishia, na yule mwenye masharubu hakukawia, wakamleta kwenye kumbukumbu nyingine, anamfundisha mwanawe kupanda baiskeli. Mdomo ukafunguka.

Alanyo akaweka kipaza sauti mapajani. Akanyoosha mkono, akapandisha sauti ya televisheni.

Ndipo tulipomsikia mwenyewe. Kwa muda wote ule hatukuwa tumewahi kumsikia. Alikuwa na sauti nyepesi, ya kijana, kama mwimba kwaya, haikulingana kabisa na yale masharubu. Alisema sana kwa Kituruki chake. Akacheka. Mtoto alipomjibu, Alanyo akainua kipaza sauti akatafsiri ya mtoto. Baba akasema tena, akakishusha.

"Anasema nini?" Ayaa akauliza.

"Sijui," akasema Alanyo, na maandishi yalikuwa yakipita pale chini, makubwa, meupe.

Umeme ukakatika katikati ya sentensi ya yule baba. Tulikaa kidogo, kwa mazoea. Kisha mmoja akainuka, na mwingine, wakaanza kupapasa viatu mlangoni, wakiulizana sukuma wiki bei gani leo. Ayaa peke yake hakuinuka. Alikaa gizani amenyoosha shingo kuelekea spika, akisubiri mtu akohoe.

Alanyo alishuka kwenye stuli, akaigeuza, akakaa tena, safari hii uso wake ukimtazama Ayaa.